Askari wa Pembeni

Katika saluni moja ya kinyozi pale Gikondo, katikati ya mteremko unaoshuka hadi bondeni kwenye uwanja wa maonyesho, kuna ubao wa sataranji uliowekwa juu ya kreti la soda. Kete zake hazijatimia. Askofu mmoja mweupe alipotea zamani, na nafasi yake imeshikwa na kifuniko cha chupa ya bia ya Primus. Wanaongoja zamu ya kunyolewa hucheza. Aliyekwisha kunyolewa naye haondoki.

Kijana mmoja anayenifunga mara kwa mara hupenda kete nyeusi. Kila nikianza kwa askari wa mfalme, yeye hujibu kwa hatua tano zile zile, upesi upesi, kama mtu anayebonyeza namba ya simu aliyoizoea. Ya tano ndiyo iliyonifanya niandike haya. Humshika askari wa pembeni kabisa, upande wa malkia, akamsogeza mraba mmoja, kisha akajiegemeza ukutani.

"Hii inaitwa Najdorf," aliniambia siku ya kwanza.

Nikamuuliza Najdorf ni nani.

"Nadhani ni mji, mzee. Huko Ujerumani."

Hakukosea sana. Jina hilo limetokana na maneno mawili yenye maana ya kijiji kipya. Hapa Rwanda tungesema umudugudu mushya. Lakini alikuwa mtu, tena Mpoland, na wakazi wa Gikondo wanawajua Wapoland kuliko mitaa mingi ya Kigali. Parokia yetu ililelewa na mapadri Wapallotti waliotoka nchi hiyo. Nitarudi huko.

Kwanza ubao, kwa sababu si kila msomaji amewahi kuukalia. Rwanda ina mchezo wake wa mezani wa tangu enzi za wafalme, igisoro, ndugu wa omweso wa Uganda na bao la Waswahili. Igisoro kina mashimo 32 na kete 64. Sataranji ina kete 32 na miraba 64. Sijui kama kuna aliyewahi kupata faida yoyote kwa kuligundua hilo, lakini wazee wanaobuguza, yaani wanaocheza igisoro, hulipenda sana ukiwatajia. Tofauti kubwa ni kwamba katika igisoro kete zote ni sawa, na leo yako kesho yangu. Sataranji ni ya vyeo: mfalme, malkia, maaskofu, farasi, ngome, na mbele yao askari wanane ambao hawajui kurudi nyuma. Kwa hiyo kumsogeza askari ni jambo lisilofutika. Anayefundisha watoto huwaambia: toa askari wa katikati, toa farasi, toa maaskofu, mfiche mfalme. Askari wa pembeni mwache alale.

Ufunguzi wa kijana wangu unaanza kwa heshima zote. Mweupe anapeleka askari wa mfalme e4. Mweusi hajibu uso kwa uso, anaweka askari wake c5, kwa ubavu. Huo huitwa ulinzi wa Sicilia na una karne kadhaa. Farasi mweupe anatoka, askari mweusi anasogea d6, mweupe anafungua katikati kwa d4, askari wanalana, farasi mweupe anakaa katikati ya ubao kama mwenye nyumba. Farasi mweusi anatoka f6 kumtisha askari wa e4, na farasi wa pili wa mweupe anakuja kumlinda. Sasa ni zamu ya mweusi. Ana maaskofu wawili ambao hawajatoka, mfalme yuko wazi katikati, na badala ya kushughulikia hayo anamsogeza askari wa pembeni hadi a6.

Hatua hiyo haimtishi yeyote. Kazi yake ni kuufunga mraba mmoja, b5, ambao farasi na askofu wa mweupe wangependa kuutumia kumsumbua. Mraba huo ukifungwa, mweusi anaweza kusukuma askari wake katikati bila wasiwasi, na baadaye kushambulia upande wa malkia. Kwa hiyo anapoteza hatua moja leo ili asisumbuliwe kesho. Mcheki Karel Opočenský alikuwa ameufanyia kazi ufunguzi huu kabla haujapata jina. Lakini majina katika sataranji hayafuati haki sana. Hufuata mtu aliyesikika.

Na Najdorf alitaka asikike. Alikuwa na sababu.

Alizaliwa tarehe 15 Aprili 1910 huko Grodzisk Mazowiecki, karibu na Warsaw, katika familia ya Kiyahudi. Katika miaka ya 1930 alikuwa miongoni mwa wachezaji bora wa Poland, mwanafunzi wa Savielly Tartakower, mtu wa maneno mengi na mzaha. Mwaka 1939 Olimpiadi ya sataranji ilifanyika Buenos Aires, Argentina, mara ya kwanza kuvuka Atlantiki. Timu nyingi za Ulaya zilipanda meli moja, Piriápolis, kutoka Antwerp, na zikafika baada ya majuma matatu hivi. Safarini walicheza, wakala pamoja, wakaugua bahari pamoja. Mashindano yalianza mwishoni mwa Agosti. Tarehe 1 Septemba Ujerumani ikaivamia Poland.

Jiweke kwenye ukumbi ule. Timu ya Poland na timu ya Ujerumani zote zimo, zimepangwa kukutana, na vita viko kwenye magazeti ya asubuhi. Waingereza walijitoa na kupanda meli ya kurudi. Waliobaki wakaafikiana namna ya kuendelea: mechi ya Poland na Ujerumani ikaandikwa sare ya mbili kwa mbili bila kete hata moja kuguswa. Mwishowe Ujerumani ikatwaa ubingwa, Poland ikawa ya pili kwa kuachwa nusu pointi tu, na Estonia, iliyoongozwa na kijana Paul Keres, ikawa ya tatu. Kisha likaja swali la nani arudi. Keres alirudi kwao Estonia. Najdorf alibaki. Na wachezaji wote watano wa timu bingwa ya Ujerumani walibaki vilevile Amerika ya Kusini, jambo ambalo sidhani kama lilipigiwa tarumbeta Berlin.

Warsaw alikuwa amewaacha mkewe, binti yao mdogo, wazazi na kaka zake. Barua zikakatika.

Akafanya kitu ambacho mchezaji wa sataranji peke yake angekifikiria. Mwaka 1943, mjini Rosario, alicheza na watu 40 kwa wakati mmoja bila kuuona ubao hata mmoja. Hukaa mtu amewapa mgongo wapinzani. Msaidizi humtajia hatua ya ubao wa kwanza, anajibu, ubao wa pili, anajibu, na picha zote 40 anazibeba kichwani. Alishinda 36. Tarehe 24 Januari 1947, huko São Paulo, akaongeza hadi mbao 45. Alikaa kitini saa 23 na dakika zaidi ya 20, hadi siku ya pili. Wapinzani walichoka wakapokezana viti. Yeye hakuwa na wa kumpokea. Ushindi 39, sare nne, alifungwa mara mbili.

Baadaye alieleza kwa nini. Rekodi kama ile ingetangazwa na magazeti na redio za dunia, na huenda mmoja wa watu wake, kama yuko hai mahali fulani Poland, Ujerumani au Urusi, angeliona jina akajua kwamba Najdorf yupo Argentina. Habari ilisafiri kweli, magazeti yakaandika. Hakuna aliyejibu. Mke, mtoto, wazazi, kaka wanne: wote waliuawa katika mauaji ya kimbari ya Wayahudi.

Nilipofika hapa katika kumsimulia kijana, kinyozi alizima mashine. Yeye ana umri wa kukumbuka mwaka 1994. Redio hapa nchini ilifanya kazi mbili, na kila mtu wa rika lake anajua ya kwanza, ile iliyotaja watu ili wauawe. Ya pili haisimuliwi sana. Mwaka huohuo BBC ilianzisha matangazo ya Kinyarwanda na Kirundi yaliyopewa jina Gahuzamiryango, yaani kinachounganisha familia. Majina yalisomwa moja baada ya jingine: fulani, mwana wa fulani, wa kilima fulani, yu hai, yuko kambi fulani, anamtafuta fulani. Watu walikaa kimya kabisa, sikio kwenye spika, betri zikianikwa juani ili zipate nguvu ya siku moja zaidi. Wengine walisikia jina walilolitaka. Wengi walisikiliza mwaka hadi mwaka.

Pale parokiani kwetu, Jumamosi tarehe 9 Aprili 1994, siku ya tatu ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, watu waliokuwa wamekimbilia kwa mapadri walikaguliwa vitambulisho kanisani kisha wakauawa, zaidi ya 100, watoto wakiwemo. Mapadri Wapoland waliona. Waangalizi wa kijeshi wa Umoja wa Mataifa waliokuwa wakiishi pale, nao Wapoland, waliona, wakiwa wameshikiwa bunduki. Vitambulisho vya waliouawa vilichomwa moto, kwa sababu aliyeua alitaka majina nayo yaishe. Mwandishi Mswisi Jean-Philippe Ceppi aliandika katika gazeti la Libération tarehe 11, na neno kimbari likaonekana kwa maandishi ya mapema kabisa. Dunia ilichukua majuma mengi kulikubali. Juma lile la Aprili, mzee Najdorf alitimiza miaka 84.

Sisemi kwamba mambo haya mawili yana uzi mmoja. Nasema tu kwamba jina linalotamkwa juu ya kreti la soda hapa Gikondo ni la mtu aliyejua maana ya kutangaza jina lako hewani na kungoja.

Sasa mchezo wenyewe, ambao kijana aliusubiri kwa uvumilivu kuliko nilivyotarajia.

Ni mwaka 1955, Göteborg, Sweden. Wachezaji 21 wamekusanyika katika mchujo wa kutafuta atakayempinga bingwa wa dunia, Mikhail Botvinnik. Argentina, kwa sehemu kwa ajili ya wale walioachwa na meli mwaka 1939, imekuwa taifa kubwa la sataranji, na miongoni mwa watu wake wamo hawa watatu: Najdorf, sasa raia wake, Herman Pilnik, aliyezaliwa Ujerumani, na Oscar Panno, mwenye miaka 20, aliyekuwa bingwa wa vijana wa dunia miaka miwili kabla. Ratiba ya raundi ya 14 ikatoka kama iliyopangwa na mchawi. Waargentina hawa watatu wana kete nyeusi. Wote watatu wanacheza na wachezaji wa Umoja wa Kisovieti: Panno na Efim Geller wa Odessa, Pilnik na Boris Spassky mwenye miaka 18, na Najdorf na Paul Keres. Ndiye Keres yule wa meli ya Piriápolis. Estonia yake ilikuwa imemezwa, na yeye sasa anacheza chini ya bendera nyingine. Watu wawili waliopanda meli moja, mmoja akarudi na mwingine akabaki, wakakaa tena uso kwa uso.

Waargentina walikuwa wamejiandaa pamoja. Walicheza ufunguzi wa Najdorf wote watatu, kwenye mbao tatu, na Wasovieti wote watatu wakaingia katika njia kali kuliko zote: askofu anakuja g5 kumbana farasi, askari anasogea f4, malkia anatoka. Hapo Mweusi, katika hatua ya nane na ya tisa, akafanya kitu cha kushtua. Alimsukuma askari h6, askofu akarudi h4, akamsukuma mwingine g5 moja kwa moja mdomoni mwa adui. Mweupe akimla, farasi mweusi anarudi d7, na kutoka pale anaunyemelea mraba wa e5, kiti kizuri katikati ya ubao, huku askofu mweusi akifunguliwa njia. Askari mmoja ametolewa sadaka, lakini Mweusi anapata nafasi ya kupumua. Hivyo ndivyo walivyokuwa wamekubaliana chumbani.

Mbao tatu zilikuwa na picha moja. Watazamaji waliweza kutazama ubao mmoja wakajua yaliyo kwenye mingine miwili.

Geller akainama na kufikiri kwa muda mrefu. Najdorf, ambaye hakuwahi kujua kukaa kitini wakati saa ya mwenzake inatembea, alikuwa akizungukazunguka ukumbini. Inasimuliwa kwamba alimpitia Geller akamwambia asijisumbue, mchezo wake umekwisha, wao wameshauchambua wote. Nami naisadiki hadithi hiyo, kwa kuwa inafanana naye. Geller akaendelea kufikiri, kisha akamchukua farasi wake wa katikati na kumtupa e6, kwa askari. Farasi mzima! Mweusi akamla. Malkia mweupe akaruka h5: cheki. Mfalme akakimbilia f8.

Na hapo ikaja hatua ya 13, ambayo siwezi kuisimulia bila kunyanyuka kwenye kiti. Askofu mweupe akaenda b5.

Kumbuka b5 ni nini. Ni ule mraba ambao askari wa pembeni aliondoka kitandani ili aufunge. Ufunguzi mzima umejengwa juu ya ahadi kwamba hakuna mweupe atakayekanyaga b5, na Geller akamweka askofu wake papo hapo, mbele ya askari wa a6, aliwe. Akiliwa, njia kati ya mfalme mweupe na ngome yake imeshakuwa tupu. Mfalme anahamia pembeni, ngome inaingia kwenye safu iliyo wazi ya f, na kuingia kwake ni cheki kwa mfalme mweusi. Asipoliwa, anamkaba farasi wa d7 aliyekuwa anaikimbilia e5. Kula ni msiba na kuacha ni msiba.

Kwenye meza za jirani, Keres na Spassky nao walikuwa na macho. Farasi e6. Malkia h5. Askofu b5. Zile mbao tatu zikaendelea kuwa moja.

Panno aliporomoka wa kwanza. Mfalme wake alifukuzwa e7, d6, mpaka c5, katikati ya ubao, mahali ambapo mfalme hufika tu mchezo ukiwa umekaribia mwisho na kete zimebaki chache. Hatua ya 23 mambo yakaisha. Najdorf alimsogeza mfalme g7 na kuhimili kidogo, hadi Keres alipotupa ngome nzima f7 na kumvuta mfalme nje. Hatua ya 25. Pilnik naye akafuata njia hiyohiyo kwa Spassky. Siku moja, ufunguzi mmoja, Waargentina watatu. Njia hiyo ikabaki na jina la Göteborg, na siku ile ikakumbukwa kama msiba wa Waargentina.

Ungedhani ufunguzi ungezikwa pale. Nionavyo mimi, siku ile ndiyo iliyoukuza. Mwaka 1958, Portorož, Yugoslavia, kijana Mmarekani wa miaka 15, Bobby Fischer, aliingia raundi ya mwisho akihitaji sare tu dhidi ya Svetozar Gligorić. Akiwa na kete nyeusi akaenda Najdorf, akaenda h6, akaenda g5, akiwa macho wazi. Gligorić akamfuata: farasi e6, malkia h5, askofu b5. Fischer hakumgusa askofu. Aliinua ngome yake mraba mmoja tu, h7, pembezoni, na kutoka pale ikaulinda mraba wa f7 ambao Keres alikuwa ameuvunja. Sare. Kwa sare hiyo akawa grandmasta mdogo kuliko wote waliotangulia. Miaka mitatu ya machozi ilikuwa na dawa ya mraba mmoja, na dawa yenyewe ilikuwa ya tabia ya Najdorf kabisa: kete ya pembeni, hatua fupi, haimtishi mtu.

Najdorf mwenyewe alioa tena, akatajirika kwa biashara ya bima, akacheza hadi uzeeni na kufa Málaga, Hispania, Julai 1997. Watu wanaosema "nacheza Najdorf" leo wako kila mahali palipo na ubao, kuanzia Katwe huko Uganda hadi Nairobi.

Kinyozi alikuwa amewasha mashine tena. Kijana alizipanga kete upya bila kuniuliza, nyeupe kwangu, nyeusi kwake, na tukaenda njia ileile: Sicilia, askari wa pembeni, askofu g5, na yeye kwa makusudi h6 na g5. Nikatoa farasi. Akala. Malkia wangu h5, mfalme wake f8. Kisha nikachukua kile kifuniko cha Primus kwa vidole viwili na kukiweka b5.

Alikitazama muda mrefu. Akatazama mlangoni, mvua ilikuwa imeanza kupiga mabati.

"Mzee, hiki nikikila?"

"Kile."

Akakila kwa askari wa a6, akakitia mfukoni. Nami nikashika mfalme na ngome kwa pamoja.